Kapita Aliyeuliza Juu ya Nini

Kapita wetu alivaa viatu shingoni. Makapita wote wa mgodi walipewa viatu vya ngozi, vizito, vyenye misumari chini, na wenzake walivivaa hata kanisani. Yeye alifunga kamba za viatu viwili pamoja, akavitundika shingoni, akazunguka machimbo peku asubuhi nzima. Mzungu akikaribia, anaviteremsha, anavivaa, anasimama wima na kusema "Ndiyo, Bwana." Mzungu akishapinda kona, viatu vinarudi shingoni. Siku moja nilimuuliza kama anavitunza kwa ajili ya maziko yake.

"Karani, kiatu hakisikii kitu," akanijibu. "Muguu ndio unasikia. Udongo ukiwa na maji ndani, muguu unajua mbele ya macho."

Karani ndiye mimi. Enzi za Wabelgiji nilifanya kazi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu katika vilima vya Kabambare, ng'ambo ya Salamabila, na heri niseme mapema ili ujue unasimuliwa na mtu wa namna gani. Nilikuwa na meza, kalamu mbili, ufunguo wa ghala la posho, na kiburi kisicho na kipimo. Niliandika majina ya watumishi, niliandika ripoti za ajali kwa Kifaransa cha misheni, na kila Jumamosi niligawa posho ya wiki: mchele, unga wa muhogo, chumvi, samaki wakavu, mafuta ya mawese. Kapita alikuwa mkubwa wa wachimbaji wote, na hakujua kusoma hata jina lake. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kati yetu wawili mwenye akili ni mimi. Cheka tu, hata mimi nacheka.

Ukoo wake sitausema, kwa sababu siujui vizuri na yeye mwenyewe hakuupenda kama mazungumzo. Alikuwa Mwislamu wa mjini Kasongo; ulimjua kwa kofia na kwa jinsi alivyonawa mikono kabla ya kushika chochote cha kuliwa. Hiyo inatosha.

Mgodi wetu haukuwa wa mashimo marefu ya chini kwa chini. Tulikata ukingo wa kilima, tukapakia udongo kwenye matoroli, tukausukuma hadi kwenye sanduku refu la mbao lenye maji yanayopita, na dhahabu ikabaki chini ya sanduku. Kila kikosi cha watu kumi kilipewa kipimo chake cha udongo kwa siku. Kipimo hicho tulikiita tashi. Ukimaliza tashi yako, kwaheri, nenda nyumbani; usipomaliza, utakaa hapo hapo na jua likizama. Ukingo ule ulikuwa mrefu kuliko nyumba mbili zilizobebana, na udongo wake ulikuwa mwekundu, mzito, wenye hila.

Hapo ndipo kapita alipouliza maswali yake. Neno lake lilikuwa moja, na maana yake ni kwa nini: "Juu ya nini?" Mtu akijikata kidole, juu ya nini? Toroli likipinduka, juu ya nini? Ukimpa jibu analishika, analigeuza, kisha anakuuliza juu ya nini jibu lenyewe. Niliwahi kuona mwanamume mzima, baba wa watoto sita, anatupa chepe chini na kulia kwa hasira kwa sababu kapita alimuuliza neno hilo mara tano mfululizo. Kambini walimwita Bwana Juu-ya-Nini, kwa siri, na wanawake walimwigiza wakiwa kisimani, mmoja akijifanya kapita na mwingine akijifanya mtungi uliovunjika. Alijua. Hakujali hata kidogo.

Nikupe mfano mmoja, maana bila mfano utadhani alikuwa msumbufu tu. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, vichwa vya shoka vilianza kuchomoka kwenye mipini. Cha kwanza kilimpiga mtu muundi. Cha pili kilipita karibu na sikio la mpishi, aliyekuwa amesimama mbali akijua yuko salama. Direkta, yule Mzungu aliyekuwa mkubwa wa mgodi, akaamuru mhunzi achapwe fimbo, nami nikaandika kwenye ripoti: uzembe wa mhunzi. Faili likafungwa. Baada ya siku chache shoka la tatu likachomoka.

Kapita akachukua mpini, akaunusa kama mtu anayenunua samaki, akaenda kwa mhunzi.

"Juu ya nini mupini unalegea?"

"Mti ni mubichi, unakauka ndani ya chuma," mhunzi akamjibu, mgongo bado umevimba.

"Juu ya nini munaleta mti mubichi?"

"Ule mugumu iko ng'ambo ya mto. Huku upande wetu iko huu tu."

"Juu ya nini hamuvuki?"

"Gogo la kuvukia lilichukuliwa na maji, Kapita. Nani atavuka?"

Kesho yake kapita akachukua watu wanne na kuondoka nao machimboni. Direkta akawakosa, akaja juu, akamkuta mtoni, maji kiunoni, akilaza gogo jipya. Akamfokea: nani amekupa ruhusa ya kujenga daraja?

"Hatujengi daraja, Bwana," kapita akamjibu, tayari ameshavivaa viatu vyake ndani ya maji. "Tunatengeneza shoka."

Loo! Direkta alinisimulia kisa hicho mara kumi, kila mara akicheka hadi anakohoa. Lakini shoka halikuchomoka tena. Na mimi sikuifuta ripoti yangu. Mhunzi yuko humo hadi leo, na uzembe wake.

Palikuwa na majibu mawili ambayo kapita aliyachukia, na yote mawili yalikuwa majina ya watu. Ofisini, ajali ikitokea, tulitafuta jina la mtu wa kupigwa. Kambini walitafuta jina la mtu aliyeloga. Kapita alisema ofisi na kambi ni ndugu wa tumbo moja, wanatofautiana mavazi tu. Alinieleza hilo akiwa ameegemea dirisha langu, akijitia ugoro puani.

"Mukisha kupata jina, munalala," alisema. "Munalala usingizi muzuri. Na ukingo iko pale pale, macho wazi, unangoja mutu mwingine."

Usidhani aliuliza bila kuchoka hadi mbinguni. Alijua pa kusimama. Siku moja maji yalivunja mfereji wetu mkuu, na kwa kumwigiza nikamuuliza: juu ya nini mfereji umevunjika? Mvua. Juu ya nini mvua? Akatikisa kichwa. "Hapo umefika kwa Mungu, Karani. Rudi nyuma hatua moja, utafute mahali mukono wa mutu unafika." Akarudi nyuma hatua moja, akakuta majani yaliyoziba mlango wa maji, akamweka mtu wa kuyaondoa kila asubuhi. Nami nikaona ni jambo dogo, la watu wasio na shule.

Na mtu huyo huyo alivaa hirizi. Ngozi nyeusi ya mbuzi, imeshonwa, juu ya kiwiko cha kulia. Nilidhani nimemshika pabaya. Nikamwambia, Kapita, wewe unayewakataza watu habari za kulogana, hiyo mkononi ni nini? Akaitazama kama anaiona kwa mara ya kwanza.

"Hii ni ya yale mambo sijauliza bado," akasema.

Nyumbani kwake hakuuliza chochote. Mke wake mkubwa alimwacha, akarudi kwao Nyangwe na vyombo vyake vyote. Watu wakamtania: vipi, huko hukuuliza juu ya nini? Akasema hapana, kule angejibiwa. Alikuwa pia na mkono mwepesi, nisimtakase. Kijana mmoja alipita chini ya ukingo ili afupishe njia, kapita akamzaba kofi lililosikika hadi kwenye sanduku la maji. Kisha akaja ofisini peke yake, akaketi bila kukaribishwa. "Nimemupiga," akasema. "Niliogopa, nikamupiga. Ile kofi haikumufundisha kitu, ilinipunguzia mimi woga." Jioni akapiga uzio wa fito mahali pale, na njia ya mkato ikafa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo nimelizunguka kwa makusudi.

Kila mahali mtu alipoumia, kapita alichomeka kijiti. Vile vya siku ya posho alivifunga ganda la mgomba. Asubuhi moja alinivuta kwa mkono wa shati hadi chini ya ukingo, akanionyesha. Karibu vijiti vyote vilikuwa na ganda la mgomba.

"Unaona? Wanaumia Siku ya Posho. Juu ya nini?"

"Labda wanafikiria chakula," nikamjibu, nikicheka. Nilikuwa na haraka.

Wakati huo wachimbaji walikuwa na ujanja waliouita kumwita mlima. Badala ya kukata udongo kutoka juu kushuka chini, kama walivyoamriwa, walikula mguu wa ukingo, wakachimba ndani kama panya, hadi juu kukose pa kukanyaga. Udongo ukaja wenyewe, mwingi, umeshalegea, na kikosi kikajaza matoroli upesi. Ili wasifukiwe, mlinzi mmoja wa kila kikosi alisimama juu akitazama ufa. Alikuwa na kipande cha chuma cha reli kimetundikwa mtini, na nyundo. Ufa ukipanuka anagonga, wote wanakimbia. Jumatatu hadi Ijumaa walimwita mlima mara chache. Jumamosi kila kikosi kilimwita.

Jumamosi ile nilikuwa ghalani, mlango bado umefungwa, nikipanga makopo. Nje palikuwa na mstari wa watu na vikapu. Nikasikia mshindo mzito, kama gunia limetupwa sakafuni kwenye chumba cha pili, kisha kelele. Tulikimbia wote. Kapita alikuwa tayari amepiga magoti anachimba kwa mikono, viatu vinamning'inia na kumpiga kifuani. Watu wanne walifukiwa. Watatu tuliwatoa wakiwa hai. Wa nne alikuwa amekufa, udongo umejaa kinywani. Mke wake alikuwa na mtoto mchanga wa wiki mbili. Kaka mkubwa wa marehemu, wa kikosi hicho hicho, alimpangusa uso kwa shati lake na kumwita jina lake kwa sauti ya kawaida, kama anayemwamsha aende kazini.

Chuma cha reli hakikulia. Mlinzi hakuwa juu.

Alikuwa wapi? Alikuwa kwenye mstari wa posho, mbele ya mlango wangu, na vikapu kumi vya kikosi chake. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu kupitia ufa wa mbao. Mchana huo huo nikaandika ripoti: mlinzi aliacha mahali pake pa kazi bila ruhusa, mtu akafa. Hakuna neno la uongo ndani yake. Direkta akatia sahihi, karatasi ikaondoka siku hiyo hiyo na lori kwenda kwa Bula Matari, ndivyo tulivyoiita serikali, na mlinzi akafungiwa kwenye ghala la vyombo akingoja askari.

Kambini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mlinzi alikuwa Mbangubangu wa upande wa Wamaza, mpole, hana maneno. Siku mbili kabla ya ajali mke wake alikuwa amempelekea yule mzazi, mke wa marehemu, mboga za sombe. Basi kambi ikaamua hivi: walimloga kwa sombe, mume akaacha chuma kusudi ili mtu wao afe. Wanawake wakamkataza mke wa mlinzi kuteka maji. Vijana wakaanza kukusanya nyasi kavu za kuchomea nyumba yake, tena mchana, bila kujificha.

Siku ya tatu ya kilio, watu wote wamekaa chini mbele ya nyumba ya marehemu, kapita akaingia katikati na fungu la vijiti mkononi. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na njia. Kaka wa marehemu akamwambia akae, si mahali pa kuhesabu miti.

"Nitakaa," kapita akasema. "Munijibu kwanza, halafu nitakaa. Ndugu yetu amekufa juu ya nini?"

"Juu ya mulozi!" wakapiga kelele.

"Ukingo ulianguka juu ya nini?"

Kisha mmoja wa wale watatu waliofukuliwa, mkono umefungwa kitambaa, akasema: "Tulikula muguu wake."

"Juu ya nini?"

"Tulitaka tumalize tashi mbiyo."

"Juu ya nini mbiyo?"

"Kapita, wee si mugeni! Mulango wa posho unafungwa saa saba na nusu. Tashi ya siku ile ni sawa na ya siku zingine, inaisha saa nane. Ukichelewa umekosa, hadi Siku ya Tatu, katikati ya wiki. Watoto watakula nini Siku ya Mungu? Mawe?"

"Na mulinzi," kapita akauliza, sasa sauti imeshuka, "nani alimutuma kwa mustari?"

Hapo palikuwa pagumu. Mwanamke mmoja aliacha kulia ili asikie. Kaka wa marehemu ndiye aliyesimama.

"Mimi," akasema. "Nilimutuma mimi. Kila kikosi kinatuma mulinzi wake, kwa sababu yeye hana chepe mukononi. Akiondoka, udongo haupungui. Alikataa. Nikamuambia, nenda, tutatazama ufa wenyewe. Nilimusukuma kwa bega." Akakaa chini, akajifunika kichwa kwa mikono, na kilio kikaanza upya, lakini kilikuwa cha namna nyingine. Jioni nyasi kavu zilitupwa. Kaka wa marehemu mwenyewe alimpelekea mke wa mlinzi mtungi wa maji.

Kila mtu pale alisema sehemu yake. Mimi sikusema yangu.

Kesho yake kapita akaja dirishani kwangu. Hakuegemea.

"Karani, mulango unafungwa saa saba na nusu. Juu ya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. "Ni amri ya Bwana," nikamwambia.

"Aa. Amri." Akatafuna neno lile. "Sawa. Na ile karatasi, andika ya pili. Andika kwamba alitumwa. Kaka wa marehemu iko tayari kusema."

"Karatasi ikishatoka hairudi, Kapita. Huo ndio utaratibu."

Huo ulikuwa uongo wangu wa pili ndani ya dakika moja. Ningeweza kuandika ya pili, hata ya tatu, wino ulikuwepo.

Alikwenda kwa Direkta akakaa huko hadi kofia yake ililowa jasho. Sijui walizungumza nini. Alitoka na mambo matatu. Posho itagawiwa asubuhi, machimboni, kikosi baada ya kikosi kwa zamu. Tashi ya Jumamosi itakuwa nusu. Mlinzi hatashuka kwa amri ya mtu yeyote, hata ya Direkta mwenyewe, hadi mwingine apande. Watu wakaacha kumwita mlima, kwa sababu hapakuwa tena na haja. Muda wote niliobaki kule, ukingo haukumfukia mtu mwingine.

Lakini mlinzi walimchukua. Kapita alitembea siku mbili hadi kwa mkubwa wa serikali, akasimama mbele ya meza, akaeleza yote. Wakamuuliza: karatasi iko wapi? Hakuwa na karatasi. Akatembea siku mbili kurudi, akapita mbele ya dirisha langu, akanisalimia kwa adabu. Mlinzi alikaa boloko, yaani jela, miezi sita, na fimbo juu yake. Kapita alimhamishia mke wa mlinzi uani kwake. Mlinzi alipotoka, hakuna mgodi uliotaka jina lile, kwa kuwa makarani wa migodi husomeana karatasi. Kapita alipoacha kazi kwa ugonjwa wa kifua, akarudi Kasongo, na wale wawili akaondoka nao.

Mimi nilipanda cheo. Nilipata meza yenye droo.

Miaka ikapita. Wabelgiji walikuwa bado wapo, ingawa watu walishaanza kuzungumza habari za uhuru kwa sauti ya juu kidogo, nilipotumwa kufanya kazi Kasongo. Nikakaa mjini miezi kadhaa bila kumtafuta. Nilipita njia nyingine, nikajiambia ni kwa sababu ya vumbi. Alasiri moja nikakata shauri, nikavaa koti, nikaenda kwenye mtaa wa Waislamu, nikapiga hodi.

Alikuwa kwenye kibaraza, amekonda, anachonga mpini wa jembe. Miguu bado peku. Tulisalimiana kwa urefu, tukaulizana habari za nyumba, za afya, za mvua. Mke wake mdogo akaleta chai yenye tangawizi. Akakohoa, akapumzika, akakohoa tena. Kisha akaweka kisu chini.

"Karani, ile amri ya mulango. Bwana aliitoa siku gani?"

Kikombe kilinichoma midomo.

"Usihangaike," akasema. "Nilimuuliza ile ile wiki. Alisema: amri gani? Saa za posho ni mambo ya karani."

Alikuwa anajua. Alinisalimia kwa adabu asubuhi zote zile, na alikuwa anajua.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesema, Bwana angekuwa na jina. Angekufukuza, angelala, na mulango ungebaki vile na karani mwingine. Mimi nilitaka mulango." Akanitazama usoni. "Nilipata mulango. Lakini jina la yule mwingine lilibaki kwa karatasi yako, na pale mukono wangu haukufika. Sasa unijibu. Juu ya nini hukuandika ya pili?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wangeuliza mlango ulifungwa mapema kwa nini."

"Ulifungwa juu ya nini?"

Haya, ndugu msomaji. Nimewaandikia mabwana wengi sentensi nyingi, ila ile ndiyo iliyonitoa jasho. Nikamwambia. Jumamosi saa nane lori lilikuwa linateremka Kasongo, na Kasongo kulikuwa na msichana niliyekuwa namchumbia. Nikifunga saa saba na nusu ninaoga, ninavaa, ninawahi. Nikifunga saa nane ninakosa. Basi. Ni hilo tu. Mtu alikufa na mwingine akachapwa ili mimi niwahi lori, na nikawahi hata Jumamosi ile, karatasi ya kumfunga mwenzangu ikiwa mfukoni mwa dereva, nami nimekaa pembeni yake nimejipaka mafuta.

Nilingoja anicheke au anitemee mate. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Sasa tumefika," akasema. Akageukia uani, akaita jina.

Akaja mlinzi. Nywele zote nyeupe, mgongo umepinda upande mmoja, kikapu cha mihogo mkononi. Alinitambua mara moja. Niliona mkono wake ulivyokikaza kishikio cha kikapu.

"Karani iko na neno," kapita akamwambia. "Kaa."

Akakaa, mbali kidogo. Nikasema yote, tangu saa ya mlango hadi karatasi ya pili ambayo sikuiandika. Nilisema kwa haraka, macho yangu kwenye miguu yake. Nilimwambia nilimwona kwenye mstari, nikajua ametumwa, kwa sababu vikapu vilikuwa kumi. Nilimwambia kesho asubuhi nitakwenda kwa mkubwa wa serikali, nitaiandika na kutia sahihi yangu, wanifukuze wakitaka. Nilipomaliza, nikasikia kapita akikohoa.

Mlinzi aliweka kikapu chini. Akasogeza kigoda chake hadi karibu nami kabisa, kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni.

"Mama," akamwita mke wake, "acha moto, njoo ukae hapa." Akanigeukia. "Sema tena, Karani. Anza pale mwanzo. Huyu ndiye walimukatalia maji."

Nikaanza tena.